Soma hali ya ruta kabla ya kusoma usanidi wake

Mtihani wa vitendo wa CCIE Enterprise Infrastructure, cheti cha juu cha wataalamu wa mitandao kinachotolewa na kampuni ya Cisco, ambao ninajiandaa nao nikiwa hapa Tabora, huchukua saa 8 katika siku moja. Saa 3 za kwanza ni za usanifu, ambapo mtahiniwa husoma nyaraka na kujibu maswali bila kugusa kifaa chochote wala kuruhusiwa kurudi kwenye swali alilokwisha kulipita, na saa 5 zinazobaki ni za kujenga, kuendesha na kuboresha mtandao wenyewe. Wengi wakisikia hivyo huuliza ni amri ngapi mtu anapaswa kuzikariri. Kwa maoni yangu amri ndiyo sehemu nyepesi, kwa sababu anayefanya kazi hii kila siku huzijua bila kujilazimisha. Ugumu uko kwenye kuamua uulize nini kwanza. Mtandao ukiharibika, wengi wetu hukimbilia kufungua usanidi, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kifaa, na kuusoma mstari kwa mstari, ilhali usanidi hueleza tu kile alichokitaka aliyeuandika, na hausemi ruta, kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, inafanya nini wakati huu.

Maabara yangu ni kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, iliyoko nyumbani Ipuli, ikiendesha EVE-NG, programu ya kuigiza mitandao, na ruta kadhaa za kuigiza. Mwenzangu aliyeko Kigoma, ambaye naye anausomea mtihani huohuo, hunitumia topolojia (mpangilio wa mtandao mzima) aliyoiharibu makusudi, nami humtumia ya kwangu, kwa sharti kwamba hakuna anayemdokezea mwenzake alichokigusa. Nauona utaratibu huu kuwa na faida kuliko video nyingi za mafunzo, maana mwenye video huharibu kitu anachojua tayari namna ya kukitengeneza, na mtazamaji hubaki akimsindikiza tu.

Topolojia moja aliyonitumia ilikuwa na ruta mbili zinazozungumza OSPF, itifaki (lugha ya makubaliano) ambayo ruta hutumia kuelezana njia, kwenye kiungo kimoja. Ujirani ulikuwa umekamilika, hali ikisomeka FULL pande zote mbili, na matangazo yote ambayo ruta hupeana kuhusu viungo vyao yalikuwemo kwenye hifadhidata, lakini jedwali la njia halikuwa na njia hata moja iliyotoka upande wa pili. Mtu anayeamini kwamba ujirani ukikamilika kazi imekwisha anaweza kuzunguka hapo asubuhi nzima. Jibu lilikuwa ndani ya hifadhidata yenyewe, ambapo ruta ilikuwa imeandika waziwazi kwamba mtangazaji, yaani ruta iliyotoa tangazo, hafikiki. Upande mmoja kiungo kilikuwa kimewekwa kuwa cha aina ya utangazaji, na upande wa pili kuwa cha nukta kwa nukta. Aina hizo mbili hutumia vipindi vilevile, sekunde 10 za salamu na sekunde 40 za kusubiri kabla ya kumhesabu jirani kuwa amekufa, kwa hiyo salamu zinakubaliana na ujirani unasimama bila lalamiko lolote. Tofauti hujitokeza kwenye namna kila ruta inavyokieleza kiungo hicho katika tangazo lake: moja inasema imeungana na mtandao wa pamoja wenye ruta teule (iliyochaguliwa kuuwakilisha), nyingine inasema imeungana moja kwa moja na jirani yake. Hesabu ya njia fupi hudai kwamba maelezo ya pande mbili yaoane, na yasipooana kiungo hakihesabiwi kabisa. Ukilinganisha usanidi wa ruta hizo, tofauti ni mstari mmoja tu ambao jicho huupita kwa urahisi.

Kisa kingine hakikutoka maabara bali kazini, kwenye ofisi yenye tawi Urambo lililounganishwa na makao kwa handaki la GRE, njia ya kufunga pakiti za data ndani ya pakiti nyingine ili zivuke mtandao wa kati. Mama mhasibu wa huko alipiga simu, na baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, “Mwanangu, mtandao upo, ila kurasa hazifunguki.” Hakuna fundi ambaye angeieleza hali ile vizuri zaidi. Pingi, pakiti ndogo za kujaribu kama kifaa kinajibu, zilikwenda na kurudi, jina la seva lilipatikana, muunganisho wa TCP unaobeba kurasa ulifunguka, kisha ukurasa ukabaki mweupe. Pakiti ndogo zilikuwa zinapita na kubwa zilikuwa zinapotea. GRE huongeza baiti 24 kwenye kila pakiti, kwa hiyo kiungo cha baiti 1500 hubakiza 1476 kwa ajili ya mzigo wa ndani. Seva ilikuwa ikituma pakiti za 1500 zenye agizo la kutokatwakatwa. Ruta ilizitupa na kuirudishia seva ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu na pingi, kuieleza ipunguze ukubwa, lakini ukuta wa moto (kichujio cha usalama) uliokuwa mbele ya seva ulikuwa ukizuia ICMP zote kwa jina la usalama. Nadhani sera ya kuzuia ICMP zote imewatesa watu wengi kuliko wavamizi iliowazuia. Nilipopima kwa pingi isiyoruhusu kukatwa, mzigo wa baiti 1448 ulipita na wa 1449 ukakwama, yaani 1476 ukiongeza baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Baada ya hapo ilitosha kuiagiza ruta ishushe kipimo cha juu cha vipande vya TCP hadi 1436, na baadaye ukuta ule ukaruhusiwa kupitisha aina ile moja ya ujumbe.

Kuhamisha njia kutoka itifaki moja kwenda nyingine katika ruta mbili kwa pamoja ni somo linalojirudia mno kwenye mazoezi. Njia ya nje (iliyoletwa kutoka itifaki nyingine) ya EIGRP, itifaki nyingine ya njia, hupewa umbali wa kiutawala, yaani namba ya kupima kuaminika kwa chanzo, wa 170 na ya OSPF 110, na ndogo ndiyo inayopendelewa. Kwa hiyo ruta ya pili huisikia njia ileile ikizunguka kupitia OSPF na kuiamini kuliko ile ya asili. Ni sawa na abiria anayekwenda Kigoma akitokea Dodoma, aliyeshuka Tabora, ambako reli hugawanyika, akaelekezwa arudi Dodoma kwa sababu bango la Dodoma limeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Dawa yake ni kuzitia njia alama zinapovuka na kuzikataa zenye alama hiyo zinapotaka kurudi.

Sehemu ya SD-WAN, yaani kuunganisha matawi kwa mtandao unaosimamiwa na programu za kati, ndiyo inayonilemea sasa, kwa sababu vidhibiti vyake hula kumbukumbu nyingi kuliko kompyuta yangu inavyoweza kutoa. Nimeamua kukodi seva ya mbali kwa saa, huku michoro na anwani zote za IP nikizipanga kwanza kwenye karatasi, ili muda wa kulipia utumike kwa kuchunguza hali ya vifaa tu.