Land Rover ya marehemu baba haipimwi kwa kilo

Shikamoo baba mdogo. Nimeona ulichoandika kwenye kundi la familia, kwamba mnunuzi wa skrepa amepita Kizota, kaliona gari la marehemu baba na yuko tayari kulipa kwa kilo. Kwa kilo! Nimeona nijibu hadharani, maana najua nyumba nyingi hapo Dodoma zina mjadala huu huu.

Lile ni Land Rover 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), toleo la Series IIA, lililoundwa kwa vipimo vya jeshi, na mzee alilipata mnadani. Piga goti nyuma yake uchungulie: difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, limepakwa rangi nyeupe, na kuna kitaa kidogo kinachomulika hapo tu. Msafara ukienda usiku taa kubwa zimezimwa, dereva anayefuata hushika ule weupe. Chini ya viti vya mbele kuna matangi mawili ya petroli. Gari la namna hiyo hapa Uingereza watu wanalitafuta kwa tochi.

Na wakilipata, limeoza. Bodi ni ya alumini, kwa sababu Land Rover ilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Chesisi ndiyo chuma, na kila baridi ikija hapa wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Inaingia ndani ya chesisi na kuila kimya kimya. Jirani yangu hapa Coventry, mzee wa Kiingereza mwenye Land Rover 88 yake, ile fupi, alinionyesha bili ya gereji: kuchomelea ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, pauni 2,100, rangi bado. Zigeuzeni shilingi wenyewe, kisha mkumbuke fundi wetu anadai kiasi gani kwa kazi hiyo.

Nikamwonyesha video ya fundi wetu akigonga chesisi ya baba kwa nyundo, kutoka mbele mpaka nyuma. Inalia ngaa, ngaa, hakuna palipobonyea. Mvua yetu ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, tunayoililia kila msimu, ndiyo imelitunza lile gari. Yule mzee akanyamaza, akaingia bandani kwake, akatoka na kabureta ya Zenith ikiwa bado kwenye karatasi ya grisi ya stoo ya jeshi. Nikatoa pochi, akakataa. “Lako litatembea,” akasema. Nimeishi hapa miaka mingi na watu wachache sana wamenitendea hivyo.

Si wauzaji wote wako hivyo. Kuna duka liliniuzia masta silinda “mpya” ikavuja kabla fundi hajafunga boneti, na kurudisha mzigo kutoka Dodoma ni gharama kuliko spea yenyewe. Kwa hiyo wenye magari ya jeshi, someni namba ya stoo ya jeshi (ya NATO) kwenye kipuri au kwenye karatasi yake. Ina tarakimu 13, nne za kwanza ni aina ya kitu, na 99 zinazofuata ni za Uingereza. Tafuteni kwa namba hiyo, acheni maelezo ya muuzaji. Na kabla ya kutuma hela, hakikisheni gari ni la volti 12 au 24. Yale yaliyoundwa kubeba redio za jeshi kwa kawaida ni 24, na spea zake za umeme ni ghali na adimu.

Vijana mnaoniuliza njia ya kuja huku, nawaambia kila siku: pauni unayoiona kwenye simu imeshaliwa na kodi ya nyumba kabla haijakufikia. Mimi na digrii yangu nabeba maboksi ghalani. Anayechomelea chuma vizuri ananizidi mshahara mbali. Shikeni ufundi hapo hapo kwanza, mkae chini ya yule fundi wa Kizota mpaka awaruhusu kugusa gia boksi.

Baba mdogo, gari haliuzwi. Kabureta iko kwenye kontena pamoja na gasketi na bushi za springi. Kinachokosekana ni fremu ya kioo cha mbele na mlango wa kulia. Aliye Mpwapwa, Kongwa au Manyoni mwenye 109 imelala uani asimwite mtu wa skrepa, aandike hapa chini, nitalipa bei ya haki.