Nilivyohamisha Breki za Mbele za Pikipiki ya Magurudumu Manne kutoka Ngoma hadi Diski

Pikipiki yangu ndogo ya magurudumu manne ilikuwa na breki za ngoma mbele, zikivutwa na waya mbili kutoka mkono mmoja wa breki kwenye usukani. Zikiwa kavu ziliridhisha, lakini kila nilipovuka dimbwi, maji na tope viliingia ndani ya ngoma na nguvu ikapotea. Tena, kwa kuwa waya mbili hazilegei kwa kiasi kilekile, gurudumu moja lilishika kabla ya lenzake na usukani ukavutwa upande. Kusafisha, kupiga msasa na kukaza waya kulileta nafuu ya muda tu. Kwa kuwa uzito huhamia mbele chombo kinapopunguza mwendo, niliona gharama ya diski za mafuta inafaa kubebwa huko kabla ya kwingineko.

Kufunga habu (kitovu cha gurudumu), diski na kalipa (kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski) hakukunisumbua, kwani nilitafuta vyuma vya toleo la chombo hichohicho lililoundwa na diski tangu mwanzo, na matundu yote yakaoana. Jambo lililostahili kufikiriwa ni ukubwa wa pistoni ya masta silinda, yaani pampu ndogo kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki mkono unapovutwa. Kwa nguvu ileile ya vidole, pistoni nyembamba huzalisha shinikizo kubwa zaidi, ila mkono husafiri mbali zaidi kabla pedi hazijabana. Nilikuwa na masta silinda mbili, ya milimita 14 na ya milimita 12.7. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kinachohesabika ni eneo la pistoni, nalo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, hivyo ile nyembamba huongeza shinikizo kwa takriban asilimia 21. Nilifunga ya 14 kwanza. Mkono ukawa mgumu kama jiwe na breki hafifu. Ya 12.7 iliniwezesha kubana magurudumu kwa vidole viwili, na nafasi ikabaki kati ya mkono na mshikio wa usukani.

Niliweka hosi zilizosukiwa nyaya za chuma, kwa sababu hosi ya mpira iliyochoka hutanuka na kumeza sehemu ya shinikizo. Mafuta ya breki yalikuwa ya daraja la DOT 4, kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa: yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kutoa hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ndiyo kazi iliyonichosha zaidi, maana kiputo hupenda kujificha penye kona ya juu ya hosi. Nililegeza kalipa na kuinua nipo yake (kitundu cha kutolea hewa) juu kabisa, nikiwa nimeweka kipande cha ubao kati ya pedi ili pistoni zisichomoke.

Kabla ya kuendesha, niligeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili huku chombo kikikandamizwa, kuhakikisha kwamba hosi hazivutwi wala hazigusi tairi. Sasa breki hushika sawasawa pande zote, na hata baada ya kutoka majini nguvu hurudi karibu papo hapo. Tope, hata hivyo, hula pedi haraka, kwa hiyo hukagua unene wake kila ninapokiosha chombo.