Mkrismasi wa uani

Mkrismasi wangu niliupanda siku chache baada ya kutoka arubaini ya mwanangu wa kwanza, hapa hapa Fuoni, Unguja, hatua tano kutoka mlango wa jikoni. Miaka tisa ukakaa majani matupu. Vuli iliyopita natoka asubuhi na ufagio wangu, naona kitu chekundu juu ya tawi, nikadhani kipande cha kanga kimepeperuka kutoka kamba ya jirani. Kumbe ua. Wiki mbili baadaye mti mzima umewaka, watoto wa chuoni wanapita wamekodoa macho.

Jina hilo la mkrismasi linanichekesha, maana mtaa mzima huu hakuna anayesherehekea. Lakini unachanua mwisho wa mwaka, basi limekaa. Asili yake Bukini, kama wazee walivyokuwa wakiiita Madagaska. Wataalamu waliuandika vitabuni mwaka 1829, na leo miji mingi yenye joto inao.

Niliokota ua moja nikaliweka juu ya meza ya cherehani. Lina vipande vitano. Vinne vyekundu tupu, na cha tano kimesimama peke yake, cheupe chenye manjano na madoa mekundu, utasema fundi kaishiwa kitambaa akatia kiraka cha rangi nyingine. Katikati mna nyuzi kumi, kila uzi na kichwa chake. Wanangu wanazichomoa, wanazipiganisha kama majogoo: wananasisha vichwa viwili, wanavuta. Anayekatikiwa na kichwa kashindwa. Sakafu yangu imejaa vichwa vya majogoo.

Sasa niseme na ubaya wake. Mti huu haupandi juu sana, unatanda kama mwavuli, na mizizi yake inatambaa karibu na uso wa ardhi. Kifuniko cha karo, shimo letu la maji machafu, kimeshapasuka. Fundi alikuja, akaangalia, akaguna, akanitajia bei nikarudi ndani. Kaskazi iliyopita tawi lilianguka juu ya nguo za mteja, tena za harusi. Na majani yake, yale madogo kama punje za mchele, yanaziba mchirizi wa bati la Bi mkubwa wa jirani anayekingia maji ya mvua.

"Mwanangu," akanambia, "mti wako mzuri, lakini mzuri wa mbali."

Kasema kweli. Kosa si la mti, ni langu mimi niliyeupa hatua tano. Huu ni mti wa uwanja na barabara pana, pahala watu wanakaa chini yake na hakuna karo wala ukuta wa kupasua. Mume wangu anataka ukatwe. Mimi nimeomba muda.

Nilivunja yale maganda yake, marefu kama ala ya panga na magumu kama mbao, nikatoa mbegu ishirini nikazifukia. Zikaota tatu. Mbegu zake zina gamba gumu, maji hayapiti. Safari ya pili nikazikwaruza kwa msasa upande mmoja, nikazimwagia maji ya moto nikaziacha mpaka kesho yake, zimevimba. Zikaota karibu zote. Masika haya sheha alituruhusu kupanda saba pembeni mwa uwanja wa mpira wa skuli, mmoja mbali na mwenziwe hatua kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe. Mbuzi wa watu wamekula miwili. Iliyobaki mume wangu kaizungushia vijiti na kamba za usumba, huku ananung'unika.

Tumepatana hivi: siku mche mmoja utakapomfika begani, panga linaingia uani. Anayo futi sita na ushei. Kila Ijumaa baada ya sala anapitia uwanjani kujipima.