Pikipiki yangu ilipokataa kushika sailensa

Kwenye mwendo wa kasi haikuwa na neno. Ukitoka Uyole ukaielekeza Tukuyu na kufungua resi, ilipanda vilima na kreti mbili za parachichi nyuma bila kulegea. Balaa lilikuwa kwenye kuachia resi. Pale Mafiati, Mbeya mjini, kwenye foleni ya malori, sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, ilipanda yenyewe, ikashuka, injini ikakohoa kupitia kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikazima. Ukiiwasha tena na kuvuta resi polepole, inasita, halafu inashika ghafla na kuruka mbele. Kwa mtu aliyebeba mzigo, kule kuruka ndiko kunakotisha kuliko kuzima kwenyewe.

Kila niliyemwuliza alikuwa na jibu lake. Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, hiyo ni baridi na mwinuko wa huku. Pikipiki imezoea Dar." Mwingine hakuigusa hata plagi, alitazama kabureta tu akasema ninunue mpya. Fundi wa tatu alishika bisbisi akapandisha sailensa kwa skrubu yake mpaka injini ikawa inapiga kelele kama imevutwa resi. Hapo haizimi kweli, lakini ukiweka gia ya kwanza inagonga, na mafuta yanakwisha upesi.

Hoja ya mwinuko niliichukulia kwa uzito, maana ina ukweli ndani yake. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Lakini hewa ikiwa nyepesi, petroli ndiyo inayozidi kwenye mchanganyiko. Injini iliyozidiwa mafuta hutoa moshi mweusi, plagi yake hupakwa masizi, na ukivuta choki inazidi kukabwa. Yangu ilifanya kinyume. Injini ikiwa moto, nikivuta choki nusu, inatulia na kuunguruma vizuri kabisa. Choki hupunguza hewa, kwa hiyo kilichokuwa kinapungua ni petroli, au kuna hewa ya ziada inayoingia mahali isipotakiwa.

Plagi ikasema hivyo hivyo. Niliifungua baada ya injini kuunguruma kwa sailensa muda wa kutosha, si baada ya safari ndefu, maana plagi huonyesha ulivyoendesha dakika za mwisho. Kauri yake ilikuwa nyeupe, wakati injini inayokula sawasawa huiacha na rangi ya kahawia. Pengo lilikuwa ndani ya 0.6 na 0.7 mm linalotakiwa, na moto wake ulikuwa wa buluu, wenye nguvu. Plagi na koili nikaziacha hapo.

Ndani ya kabureta mafuta hayapiti njia moja. Resi ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo tu, injini inalishwa na jeti ndogo, yaani kijichuma chenye tundu la kupitishia petroli. Ukifika robo hivi, sindano inayoning'inia kwenye pistoni ya kabureta inaanza kutawala, na ukifungua mpaka mwisho ndipo jeti kubwa inapobeba kazi. Ndiyo maana pikipiki inaweza kukimbia vizuri kabisa na bado ikashindwa kusimama kwenye foleni. Fundi akijua hitilafu inatokea resi ikiwa wapi, tayari amejua pa kuanza kufungua. Hili ndilo swali la kwanza ambalo ningependa kila fundi amwulize mteja, kabla ya kushika spana.

Na yangu ilikuwa na historia. Ilikuwa imekaa bandani msimu wote wa masika nilipokuwa Dar, na masika ya Rungwe si mafupi. Petroli ikikaa kwenye bakuli la kabureta muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka na kubaki utando wa kunata, rangi ya asali. Jeti kubwa huweza kustahimili utando huo. Jeti ndogo haiwezi, kwa sababu tundu lake halifiki nusu milimita.

Nilifunga koki ya petroli, nikashusha kabureta, nikafungua bakuli nje ya nyumba, mbali na jiko. Jeti ndogo imejificha ndani ya kijishimo, na bisbisi isiyokaa sawa huharibu kichwa chake, basi chagua inayojaa ule mfereji. Nilipoinyanyua kuelekea jua sikuona mwanga upande wa pili. Mafundi wengi hapo huchukua waya wa breki wakazibua. Mimi nimekataa jambo hilo siku zote: chuma kinapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina tiba. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha nikapitisha uzi mmoja wa shaba uliotoka kwenye waya wa spika. Shaba ni laini, haikwaruzi. Nikanyanyua tena kuelekea jua: nukta ya mwanga, duara, safi. Vijitundu ndani ya kabureta nilivipuliza kwa upepo wa kompresa kwa jamaa anayejaza matairi, na boya na bomba la mafuta nikavikagua hapo hapo. Chujio la hewa lilikuwa safi.

Ilipowaka ilikuwa pikipiki nyingine, kwa muda. Injini ikiwa baridi ilishika sailensa, lakini ikishapata moto sailensa ikaanza tena kupanda na kushuka, ingawa haikuzima. Tena, skrubu ya mchanganyiko, ile inayorekebisha petroli na hewa kwenye sailensa, nikiigeuza haibadilishi kitu. Kwenye kabureta iliyo safi, kuigeuza skrubu hiyo lazima injini ijibu. Isipojibu, ama njia ya jeti ndogo bado imeziba, ama kuna hewa inayopenya baada ya kabureta.

Nilianza na tapeti, yaani nafasi ya valvu, kwa kuwa ni kazi isiyo na gharama. Injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa, nikapima kwa filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka 0.08 mm, na zote mbili zilikuwa sawa. Tapeti zikibana, valvu haifungi vizuri injini ikipata moto, na dalili zake hufanana sana na hizi.

Ikabaki hewa. Nilitia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nikawasha injini, nikapuliza kidogo kidogo kwenye maungio kati ya kabureta na kichwa cha injini. Kuna watu wanapima kwa kumwagia petroli. Injini inawaka na eksozi iko karibu, usithubutu. Upande wa chini, pale kipande cheusi kinachozuia joto kinapokutana na kichwa, sabuni ilifyonzwa ndani na sailensa ikabadilika papo hapo. Nikikausha, inarudi kuyumba, na nikipuliza, inabadilika tena.

Ndani ya maungio hayo mna oringi, mpira wa duara unaozuia hewa isipenye. Ilikuwa imebanwa ikawa bapa na ngumu kama kucha, nikaikunja ikakatika. Hewa inayopita hapo ni kidogo sana, na kwenye kasi huisikii, kwa sababu injini inavuta hewa nyingi mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kiduchu, hivyo upenyo huo huo unaharibu mchanganyiko wote. Injini ikipata moto vyuma vinatanuka na upenyo unabadilika, ndiyo maana asubuhi ilikuwa inadanganya. Oringi mpya niliipata sokoni Mwanjelwa kwa bei isiyofika hata robo ya kabureta niliyoambiwa ninunue. Nilikwenda na ile ya zamani mkononi, kwa sababu zinafanana kwa macho na kutofautiana unene. Nati za kabureta nilizikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwani ukikaza upande mmoja kwanza kile kipande cheusi hupinda.

Baada ya hapo skrubu ya mchanganyiko ikaanza kutii. Niliifunga taratibu mpaka ikagusa, nikaifungua mizunguko miwili, kisha injini ikiwa moto nikaitafutia mahali ambapo sailensa iko juu kuliko pote, ndipo nikaishusha kwa skrubu ya sailensa. Karibu mizunguko 1,400 kwa dakika inatosha kwa injini ya namna hii. Nikavuta resi kwa ghafla, ikapanda bila kukohoa na kurudi chini bila kuyumba.

Siku hizi, kabla sijaiweka bandani, nafunga koki na kulegeza skrubu iliyo chini ya bakuli ili mafuta yote yamwagikie kwenye chupa. Oringi moja ya akiba iko chini ya kiti pamoja na plagi, na yule fundi wa sailensa ya kelele nilimpelekea ile iliyokatika aione. Aliitazama sana, akaniomba ibaki kwake awaonyeshe vijana wake.