"Ulikuya kusalimia muzee ao kutukagua?"

Neno hilo lilisemwa Jumapili jioni na mpaka usiku huu halijanitoka. Jumatano nimekula kiapo cha uraia, gari la mume wangu limegongwa kwa nyuma pale kwenye mataa, wifi kapata mtoto wa kike kule Columbus, na katikati ya yote hayo mimi nasikia sauti ya yule binti tu.

"Mama, ulikuya kusalimia muzee ao kutukagua?"

Kiswahili cha Kongo kile, Bukavu au Uvira, sikupata nafasi ya kumuuliza. Binti mdogo, amemzidi kifungua mimba wangu miaka michache tu, sare ya buluu, glovu mkononi. Nyuma yake korido nzima ya makao ya kutunzia wazee taa za kengele zinawaka juu ya milango. Mimi nilikuwa nimefunua blanketi la Ba'mkubwa upande wa miguu.

Nikamjibu, "Nimekuja kumsalimia, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mzee, "Muzee, narudi sasa hivi," akatoka. Hakupaza sauti wala hakunikunjia uso. Angenifokea ningekuwa nimeshasahau.

Mnakumbuka jinsi Ba'mkubwa alivyopata kiharusi Desemba, hospitali ikatupa orodha ya makao na kututaka tuwe tumechagua kabla ya Ijumaa. Dada alichagua kwa nyota. Simlaumu hata kidogo, maana alikuwa hajalala siku kadhaa, na tovuti ya serikali ya Marekani, Care Compare, inayapa makao nyota moja hadi tano. Yale yalikuwa na nne. Ila kwa kuwa wengi mnaniuliza faragha namna ya kuwachagulia wazazi wenu mahali, niseme tena: nyota ya jumla ifungueni mwone kilichomo ndani. Mfumo huo upo tangu 2008 na una sehemu tatu: ukaguzi wa jimbo, wafanyakazi, na vipimo vya afya za wakazi. Makao ya Ba'mkubwa yana tatu za ukaguzi, mbili za wafanyakazi, tano za vipimo. Jumla yake inasomeka nne. Sasa vipimo hivyo kwa sehemu kubwa vinatokana na fomu ambazo makao yenyewe yanajaza kuhusu wakazi wao. Idadi ya wafanyakazi inatoka kwenye rekodi za mishahara, ni vigumu zaidi kuipamba. Kwangu mimi mbili ile ina uzito kuliko tano ile. Tazameni pia wikiendi wanakuwa wangapi, na wangapi wameacha kazi ndani ya mwaka. Hayo yote yanaonyeshwa hadharani tangu 2022. Ukikuta alama ya kiganja ndani ya duara jekundu, ujue wakaguzi waliyakuta makao hayo na kosa linalohusu kuwatesa au kuwadhulumu wakazi. Usipite bila kuuliza.

Nyota za ukaguzi nazo zinagawanywa kwa kulinganisha makao ya jimbo moja. Asilimia 10 ya juu wanapata tano, asilimia 20 ya chini wanapata moja. Kwa hiyo tatu ya huku Minnesota na tatu ya Texas si lazima ziwe sawa. Tena wakaguzi wanaweza kukaa hadi miezi 15 bila kurudi. Kwa mzee aliyepooza upande mmoja miezi 15 ni umri mzima.

Ndiyo maana nilichagua Jumapili, saa kumi na moja jioni, chakula kinapotoka. Ukienda Jumanne asubuhi utaoneshwa chumba cha mazoezi na maua ya mezani, na mkurugenzi atakushika mkono. Jumapili jioni unakuta makao yenyewe. Karibu na mlango ilikuwepo karatasi ya wauguzi wa zamu, sheria inataka iandikwe upya kila siku: wasaidizi wawili, korido ya watu 28. Faili la ukaguzi wa mwisho nalo lazima liwe mahali ambapo mgeni atalisoma bila kuomba. Nilisoma kurasa chache nimesimama na koti langu. Mkazi aliachwa na nepi iliyolowa tangu chakula cha mchana. Jina halimo, ni namba tu, lakini mimi nilimwona mtu.

Basi nikaingia kwa Ba'mkubwa, nikamwamkia, nikambusu mkono, nikaketi. Kengele ilikuwa imebanwa kwenye shuka upande wa kushoto, mkono unaofanya kazi. Vizuri. Kucha zimekatwa. Mdomo mkavu kidogo. Halafu nikafunua miguu.

Visigino ndipo vidonda vya kulala vinapoanzia kwa mtu asiyejigeuza. Kwenye mafunzo tunaambiwa tutafute wekundu usiopauka ukibonyeza. Ngozi yetu haiwi nyekundu namna hiyo. Kidonda kinaweza kuwa kinapika chini kwa chini na juu pameonekana sawasawa. Kwa mtu mweusi unatumia mgongo wa mkono, unasikiliza joto, kisha kidole, unapima ugumu, unalinganisha na kisigino cha pili. Cha kushoto kilikuwa baridi na laini. Cha kulia kilikuwa na joto, na katikati pamekaza, upana wa sarafu.

Hapo ndipo aliponikuta.

Nimelirudia jibu langu kwa namna nyingi. Ningeweza kumwambia mimi pia ni CNA, msaidizi wa wauguzi, naamka alfajiri kama yeye, naifahamu ile korido. Lakini ningemwambia hivyo angesikia nini? Kwamba aliyemfunulia blanketi ni fundi mwenzake, na anajua kosa lilipo. Pengine ingemuuma zaidi. Ningeweza kumwambia njoo ushike hapa, mwanangu, usikie joto hili. Huenda angekuja. Au asingekuja, maana taa zilikuwa zinawaka na mlango wa tatu mtu alikuwa anaita "msaada, msaada" kwa Kiingereza cha mtu aliyechoka kuita.

Na lile "kutukagua". Mimi najua linatoka wapi. Kazini kwangu wako ndugu wa wakazi wanaoingia na simu mkononi, wanapiga picha mashuka kabla hawajamsalimu mama yao. Unasimama pale na beseni lako unajiona mshitakiwa. Sikutaka kuwa hivyo kwa binti wa watu.

Lakini pia nimemkumbuka Bibi, Muheza. Akisikia mgonjwa kijijini alikwenda. Salamu ndefu mlangoni, pole nyingi, kisha mkono unaingia chini ya shuka, anashika nyayo, anashika tumbo, na kabla hajaaga ameshafika jikoni kufunua sufuria aone mgonjwa anapikiwa nini. Hakuna mkwe aliyewahi kumuuliza amekuja kwa lipi. Wangekasirika kama asingefunua.

Nilimwambia muuguzi wa zamu habari ya kisigino, akaandika mbele yangu. Nikaondoka na kile kijiwe kifuani.

Alhamisi baada ya kazi nikapitia tena, bila kumwambia mtu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Binti yule yule alikuwa ndani, ameketi kwenye kistuli kifupi mpaka macho yake yakawa sawa na ya mzee. Tangu kiharusi Ba'mkubwa anakula chakula cha kusagwa na chai iliyokorogwa unga wa kuifanya nzito isimpalie. Binti anachota nusu kijiko, anaweka upande wa kushoto wa mdomo, anasubiri. "Meza, Muzee." Anatazama kikoromeo mpaka kipande juu kisha kishuke. "Meza tena." Mara ya pili kikapanda. Ndipo anachota kingine. Hakutazama saa hata mara moja, na mimi najua ana wengine wangapi wanaomsubiri. Ba'mkubwa akasema neno nisilolisikia, binti akacheka, na mzee wangu naye akacheka kwa upande ule wa uso uliobaki.

Nilisimama korido nikalia. Nilikuwa sijalia tangu Desemba.

Nilipoingia nikaona mto umewekwa chini ya ndama za miguu na visigino vyote viwili vinaning'inia hewani, havigusi godoro. Ukutani juu ya kitanda karatasi ya maandishi ya kalamu nene: MAH-jee. CHO-oh. een-ah-OO-mah. bah-REE-dee. Mbele ya kila neno kachora picha, ili wa zamu ya usiku wasiojua Kiswahili waelewe mzee anaomba nini. Hakuna aliyemtuma. Hakuna fomu yenye kisanduku cha kitu kama hicho, na nyota yao ya wafanyakazi itabaki mbili.

Nikamwambia, "Ahsante kwa visigino, mwanangu. Mimi nafanya kazi hii hii." Akanitazama, akasema, "Nilijua, Mama. Namna ulishika."

Furaha ile sikukaa nayo hata robo saa. Akaniambia anaacha mwezi ukiisha. "Naenda kwa stoo. Kule wanalipa muzuri, na mugongo inaniuma." Ningemwambia nini? Sheria ya nchi inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa kazi hii na watu wanadhani ndiyo thamani yake. Mwaka 2024 serikali ilipitisha kanuni ya saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, mwaka uliofuata jaji wa Texas akaifuta kabla haijaanza kutumika. Watu kama binti huyu ndio waliokuwa wanabeba pengo lile la wafanyakazi kwa mgongo wao, na mgongo umekataa. Nilimpa namba yangu. Nilimwambia Jumapili moja aje kula kwetu, nitampikia sombe, kisamvu cha kwao.

Dada nimeshamwambia: kwenye kikao cha mpango wa huduma aulize uzito wa Ba'mkubwa wa kila wiki, kwa kilo, asikubali jibu la "anakula vizuri". Akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi hilo ni jambo la kuita daktari. Aulize nani atamlisha binti akishaondoka, na huyo mtu akae na binti hata zamu moja aone lile "meza tena". Karatasi ya ukutani nimeipiga picha wasije wakaibandua. Na namba ya mtetezi wa wakazi, anayepokea malalamiko yao, imebandikwa karibu na lifti. Huduma hiyo haina malipo na si lazima uwe na hasira ndipo upige.

Nataka kulala lakini kifungua mimba ameniaga jioni kwamba Jumamosi wanakwenda Duluth na wenzake kwa gari, na yeye ndiye dereva. Leseni ni ya juzi. Mume wangu kasema sawa bila kuniuliza. Utabiri ni theluji kuanzia saa sita mchana, na matairi ya gari lile tulisema tutabadilisha tangu Novemba.