Kompyuta ilivyomdai mtu aliyekwisha kulipa

Mama mdogo ni mweka hazina wa VICOBA yao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wanawake 23. Kila Jumapili jioni hukaa na daftari akitafuta nani hajanunua hisa. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu za kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikajitia fundi: "Mama, lete hilo daftari, kompyuta itakutajia wadaiwa."

Niliweka majina yote kwenye orodha moja, ya waliolipa kwenye nyingine. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: pitia jina moja moja, ukimkuta aliyelipa mfute, watakaobaki ndio wadaiwa.

for m in wanachama:
    if m in waliolipa:
        wanachama.remove(m)

Programu haikulalamika hata kidogo. Majina yakatoka, mama mdogo akawatumia ujumbe wa kuwadai. Asubuhi yake Mama Chiku yuko mlangoni, kitabu cha hisa mkononi. "Mwanangu, hii mihuri ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikajaribu na watu watano tu: Asha, Bahati, Chiku, Dotto, Ester. Waliolipa ni Bahati na Chiku. Nikaendesha, Bahati akafutika, Chiku akabaki. Ikabidi nichukue kalamu. Python huhesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo Bahati yuko nafasi ya 1. Akifutwa, walio nyuma yake wote wanasogea mbele, kama foleni ya bombani mtu anapotoka na ndoo yake: Chiku anaingia nafasi ya 1. Lakini kitanzi, yaani ile "for" inayopitia majina, kimeshamaliza nafasi ya 1, kinakwenda ya 2, kinamkuta Dotto. Chiku hakuulizwa kabisa! Ndiyo maana kosa lilijitokeza pale tu waliolipa walipofuatana, na ndiyo maana majaribio yangu ya mwanzo yalionekana safi.

Nikasema basi, nitahifadhi nakala kwanza. Nikaandika nakala = wanachama, nikafuta kwenye moja, na nyingine ikapungua vilevile. Hapa nilikasirika kweli. Kumbe alama ile ya usawa hainakili kitu, inaongeza jina tu. Mama mdogo mwenyewe nyumbani ni Mama Neema, kikundini ni Mweka Hazina; ukimkata nywele Mama Neema, Mweka Hazina naye kanyolewa. Anayetaka orodha ya pili kweli aandike wanachama.copy() au wanachama[:].

Mwishowe niliacha kufuta, nikajenga orodha mpya ya wale tu wasiomo kwenye waliolipa:

wadaiwa = [m for m in wanachama if m not in waliolipa]

Mstari mmoja, na orodha ya wanachama inabaki nzima kwa wiki ijayo.

Kupanga kwa alfabeti nako kulinipiga chenga. Niliandika wadaiwa = wadaiwa.sort(), nikapata None, yaani "hakuna kitu", majina yote yamepotea. Sort hupanga palepale wala hairudishi kitu. Iandike peke yake, au tumia sorted(wadaiwa). Na "asha" wa herufi ndogo alikwenda kukaa nyuma ya "Zuhura", kwa kuwa herufi kubwa zote hutangulia.

Jumapili iliyofuata mama mdogo aliniambia nimsomee majina polepole. Kidole chake kilishuka kwenye daftari, jina kwa jina. Alipofika la mwisho ndipo akachukua simu.