Chini ya Mutondo

Nilikuwa na miaka 13 kambo wangu aliponiamsha kabla ya jogoo kuwika. Kambo ni babu au bibi. Ndivyo tunavyowaita Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo. Tulikuwa tunakwenda kuchuma bowa, yaani uyoga, porini upande wa barabara ya Kasenga.

Ilikuwa katikati ya Desemba, wakati ambapo akina mama hujaa kando ya barabara na mafungu ya chitondo, bowa wa manjano kama kiini cha yai. Mwaka ule barabara ilikuwa tupu. Mvua ilinyesha siku chache mwanzoni mwa Novemba, kisha jua likashika nchi.

Tulitembea hadi saa nne. Bowa tatu tu, ndogo kama vifungo vya shati, kingo zimekauka.

Kambo akapiga magoti chini ya mti mmoja wa mutondo, akafukua kwa kisu kile kile cha kukatia bowa, akavuta mzizi mwembamba. Ncha zake zilikuwa fupi na butu, zimevikwa kitu cheupe kama pamba.

"Angalia, mwanangu. Huyu ndiye mama ya chitondo. Anautafutia mti maji, na mti unamlisha. Udongo ukikauka hivi, hakuna mwenye cha kumpa mwenzake."

Akanipeleka mbele kidogo, kwenye uwazi mweusi. Visiki, majivu, na alama ya tanuru la makala, yaani makaa. "Hapa nilikuwa najaza besini na mama yako." Akanyamaza kwa muda mrefu. Mti uliokatwa haulishi mtu, nikaelewa, wala kuvu iliyo chini yake.

Miaka mingi baadaye, chuoni, niliweka mzizi wa muputu, mti mwingine wa pori letu, chini ya darubini nikaiona tena ile pamba: utando wa nyuzi za kuvu zinazofyonza maji na fosforasi kuupa mti, na kulipwa sukari. Mjerumani Albert Bernhard Frank aliuita ushirika huo mikoriza mwaka 1885. Nilikutana pia na utafiti wa 2019 unaokadiria kuwa, tusipopunguza hewa chafu inayopasha dunia joto, wingi wa miti duniani inayoishi na kuvu wa aina hii utapungua kwa asilimia 10 ifikapo 2070. Niliisoma asilimia ile nikauona ule uwazi mweusi na mgongo wa kambo.

Siku ile tuliporudi kutoka porini, majirani walikuwa wanatungoja mlangoni na sahani zao. Kambo aliwaambia warudi Januari. Zile bowa tatu alizipika kwa karanga, akaziweka zote kwenye bukari yangu, yaani ugali, yeye akala matembele.

Januari mvua ilirudi kwa nguvu. Tente, bowa wa aina nyingine, zikaota, tukala, tukauza kidogo. Chitondo hatukuziona tena msimu ule.